Niliandika jina la Salongo kwenye kadi ya taimingi, naye akanyamaza

Wakuu, salaam kwenu, mlio nyumbani na mlio ugenini kama mimi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, katika gereji ya mtu binafsi huko Umm Salal, bosi wangu aliniuliza kama naweza kumalizia kuseti taimingi ya gari lake bila mwenzangu kuwepo.

Nilitakiwa kujibu hapana. Nilijibu ndiyo.

Haya yote nitakayowasimulia yametoka kwenye jibu hilo. Sijaongeza kitu, na pale nilipofanya vibaya nimepaacha kama palivyokuwa. Majina ya watu nimeyageuza kidogo, kwa sababu wao hawana kosa.

Niiteni Karanja. Nina miaka sitini na tatu, nilisoma hadi kidato cha nne, na nimekuwa fundi wa injini tangu nilipomaliza shule. Doha nimekaa miaka kumi na minane.

Bosi wangu ni Mqatari. Tunamwita Bu Hamad, yaani baba yake Hamad, ndivyo wanavyoitana huku kwa heshima. Ana shamba Umm Salal, na ndani ya shamba, kupita zizi la mbuzi, ana banda kubwa lenye AC ambamo amepanga magari ya Kimarekani ya zamani. Yale ya milango miwili, boneti ndefu, injini ya V8, yanayotikisika hata yakiwa yamesimama.

Tulikuwa mafundi wawili. Mimi na Mganda mmoja tuliyemwita Salongo.

Salongo si jina lake la kuzaliwa. Kwao Buganda, mwanamume aliyepata mapacha huitwa hivyo, na ukimwita jina lingine unakuwa umemkosea. Ana miaka hamsini hivi, Mwislamu, mtu wa Masaka, mwenye maneno mengi. Mimi aliniita "mzee wangu".

Tulikaa chumba kimoja Najma kwa miaka kumi na mmoja. Vitanda viwili, kabati moja, na jiko la gesi tulilotumia pamoja na watu wa chumba cha pili. Ijumaa yeye alikwenda msikitini, mimi nilikwenda kanisani Abu Hamour, na aliyerudi kwanza ndiye aliyepika.

Sasa niwaeleze kazi kwa ufupi, maana bila hiyo hamtaliona kosa.

Petroli ndani ya injini haiwaki yote papo hapo. Kwa hivyo cheche ya plagi hupigwa kabla pistoni haijafika juu, ili moto ukikolea pistoni iwe ndiyo inaanza kushuka. Injini ikizunguka polepole, cheche unaitanguliza kidogo. Ikizunguka kasi, unaitanguliza zaidi, kwa sababu muda ni mfupi.

Magari ya siku hizi hesabu hiyo inafanywa na kompyuta. Haya ya zamani inafanywa na vyuma viwili vidogo ndani ya distributa, vilivyoshikwa na springi mbili nyembamba, ndogo kuliko ile ya kalamu. Distributa ikizunguka, vyuma vinataka kufunguka, springi zinavizuia, na cheche inasogea mbele kidogo kidogo. Springi ngumu, inasogea taratibu. Springi laini, inasogea mapema, na gari linakuwa jepesi, ukigusa tu linaruka.

Ukichora kwenye karatasi cheche inatangulia digrii ngapi kwa mizunguko mingapi, unapata mstari unaopanda kisha unalala. Kazi yetu ilikuwa kuutafuta mstari huo kwa kila gari, maana hakuna mawili yanayofanana.

Hatari yake ni hii. Ukiitanguliza cheche mapema mno, mafuta yanalipuka vibaya huku pistoni bado inapanda, na joto kali au mzigo wa AC huzidisha. Ni kama kuipiga pistoni nyundo ya kichwa. Sauti yake ni ndogo, kali, ya juu. Sisi tuliziita njugu, kwa sababu ni kama njugu kavu zikitikiswa ndani ya mkebe.

Ukizisikia, unapunguza. Usipozisikia, gari linaendelea kwenda vizuri tu, na injini inakufa huku inakuchekea.

Kusikiliza ndiko kulikokuwa kazi ya Salongo. Tulikuwa na kifaa tulichokitengeneza wenyewe: kipande cha bomba la shaba kilichopondwa mwisho mmoja na kufungwa kwa bolti kwenye bloku ya injini, kisha mpira mrefu unaopita dirishani hadi kwenye vifuniko vya masikio, vile wanavyovaa watu wa viwandani. Mimi naendesha. Yeye amekaa kando, masikio yamefunikwa, macho ameyafumba. Akisikia njugu, anagonga dashibodi kwa kidole. Mara moja, zipo kidogo. Mara mbili, toa mguu.

Halafu lazima aseme neno. "Banange, jamani mzee wangu, unaliendesha ama unalikaanga?"

"Wewe sikiliza, acha mdomo."

"Mdomo unasaidia masikio, mzee wangu. Muulize mke wangu."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Miaka kumi na mmoja, kidole chake na mguu wangu.

Bu Hamad naye alikuwa na utaratibu wake. Kila gari lilikuwa na kadi ya manjano kwenye kile kisanduku mbele ya abiria. Juu yake unaandika digrii za mwanzo, digrii za mwisho, springi gani umeweka, halafu majina mawili: aliyeseti na aliyesikiliza. Alisema mtu hawezi kusahihisha mtihani wake mwenyewe. Gari halikutoka bandani bila majina mawili.

Sasa nifike kwenye siri yangu.

Masikio yangu yalianza kuondoka miaka mitatu kabla ya siku ile. Si kwamba nilikuwa kiziwi. Mtu akizungumza namsikia, injini ikinguruma naisikia. Zilizopotea ni sauti ndogo za juu. Mlio wa saa ya mkononi. Kengele ya maikrowevu. Wale ndege wanaolia kwenye mitende ya shamba, siku moja niligundua kwamba naona midomo yao ikifunguka na hakuna kinachotoka.

Salongo alijua. Hatukuwahi kulizungumza. Lakini zamani tulikuwa tunapokezana vifuniko vya masikio, na tangu alipogundua akawa anavichukua yeye kabla sijanyoosha mkono. Alifanya hivyo kimyakimya, kama mtu anayekufungulia mlango ukiwa umebeba mzigo.

Mimi niliogopa. Mfanyakazi aliyepita miaka sitini huku, kibali chake kinatazamwa mara mbili. Na fundi wa taimingi asiyesikia njugu ana faida gani? Kwa hivyo nilinyamaza, nikaendelea kuvaa sura ya mtu anayesikia.

Gari la siku ile lilikuwa la marehemu baba yake Bu Hamad.

Injini yake ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani, namba ya kwenye bloku ni ile ya kwenye bodi. Wanaopenda magari haya wanajua maana yake. Injini nyingine utaipata ukitafuta. Hiyo haipo mara ya pili. Bu Hamad alituambia kwamba baba yake alimfundishia udereva ndani ya gari hilo, amemkalisha juu ya mto ili aone mbele. Mto wenyewe ulikuwa bado kwenye buti, na tulikatazwa kuutoa.

Alitaka gari lichangamke kidogo, kwa kuwa Ijumaa wenye magari ya zamani walikuwa wanakutana. Nikabadilisha springi moja, nikaweka laini. Digrii zote thelathini na sita zikawa zinaingia kwenye mizunguko elfu mbili na mia nne, badala ya elfu tatu na zaidi kama ilivyokuwa. Kwenye karatasi ilipendeza. Ilikuwa imebaki kusikiliza.

Salongo nilikuwa nimemtuma mimi mwenyewe Industrial Area kuchukua gasketi. Angerudi saa tisa alasiri.

Saa sita kasorobo Bu Hamad akaingia bandani, tasbihi mkononi.

"Karanja, tayari?"

"Bado kusikiliza, Bu Hamad."

"Salongo wapi?"

"Industrial. Saa tisa atakuwa hapa."

Akatazama saa yake. "Mimi naweza kungoja. Ama wewe unaweza bila yeye?"

Wakuu, ngojeni nisimame hapo. Alisema anaweza kungoja. Hakuna aliyenishikia bunduki. Masaa matatu, na maji baridi ya kunywa yalikuwepo.

Lakini wiki ile ile alikuwa amenitania mbele ya wageni wake. "Karanja, nimekuita mara tatu. Masikio umeyaacha Kenya?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kwa hivyo aliponiuliza kama naweza bila Salongo, moyoni nilisikia ananiuliza kama bado nafaa.

"Naweza," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Hata hilo lilikuwa uongo. Salongo alizijua njugu kabla hajanijua mimi.

Nikavaa vifuniko vya masikio, nikatoka na gari peke yangu hadi barabara kubwa na kurudi. Hewa ilikuwa bado ya ubaridi, AC ya gari nimeizima. Nilikanyaga hadi mwisho mara tatu. Nilisikia ngurumo nzito, tamu. Njugu sikusikia hata moja.

Sikuzisikia, nikaamua kwamba hazipo.

Na kulikuwa na njia nyingine. Ningefungua plagi nizitazame kwa kioo cha kukuza, maana injini inayopigwa huacha vidoa vidogo kama pilipili manga kwenye ile sehemu nyeupe ya plagi. Hiyo ni kazi ya macho, na macho yangu ni mazima mpaka leo. Lakini injini ilikuwa ya moto na Bu Hamad alikuwa amesimama pale anazungusha tasbihi. Sikufungua.

Nikachukua kadi. Aliyeseti, nikaandika Karanja.

Aliyesikiliza.

Nikaandika Salongo, kwa mwandiko wa kulalia kama wake.

Mkuu mmoja hapo chini kwenye maoni ameshauliza kwa nini hatukuwa na kile kifaa cha umeme kinachotambua njugu chenyewe. Vipo, mkuu. Bu Hamad alitaka kununua kimoja. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba hakifai kwa injini za zamani. Nadhani unaelewa sasa kwa nini nilimwambia hivyo.

Naendelea.

Salongo alirudi saa tisa na robo, gasketi begani. Akaona pale gari lilipokuwa pako wazi.

"Mzee wangu, kasichana ketu kameenda wapi?"

"Limechukuliwa. Liko sawa."

"Nani alisikiliza?"

"Mimi."

Akacheka. "Wewe? Na masikio gani?"

Aliitoa kama utani, na ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwake. Niliwaka. Nikamwambia nilikuwa nasikiliza injini wakati yeye bado anakimbiza kuku Masaka. Akaacha kucheka. Akaweka gasketi mezani polepole.

"Sawa, mzee wangu. Lakini lirudishe wiki ijayo nilisikilize na mimi. Joto likija hiyo springi itatutesa."

"Nitalirudisha."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, wakuu. Ningeweza kumpigia Bu Hamad simu hata kesho yake nikasema nimesahau kitu. Lakini gari lilipendwa sana kwenye ule mkutano wa Ijumaa. Bu Hamad alikuja akanipiga bega, akasema linaruka kama ujana wa baba yake. Nikaona haya kuliita lirudi. Salongo aliuliza mara mbili, nikamwambia liko nyumbani mjini, tusimsumbue mwenyewe. Na kuhusu jina lake kwenye kadi sikumwambia kitu.

Mwezi wa tano joto likaja kama linavyokuja huku.

Bu Hamad alikuwa anaelekea kaskazini kwenye barabara ya Shamal, saa nane mchana, AC imefunguliwa hadi mwisho. Alisema gari lilikuwa zuri kabisa, halafu likapiga kishindo kimoja, moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma, na mafuta yakamwagika barabarani. Yeye alitoka salama. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Lililetwa bandani juu ya gari la kubebea. Tulipolifungua, pistoni ya saba ilikuwa imevunjika kingo, vipande vimeshuka, konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, imekatika na kutoboa ubavu wa bloku. Tundu la kupitisha ngumi. Zile pistoni nyingine zilikuwa na alama za kupigwa, ndogo ndogo, kama sufuria iliyokwaruzwa. Zilikuwa zimepigwa tangu mwezi wa tatu.

Kwa fundi hakuna mjadala hapo. Ile ilikuwa taimingi.

Bu Hamad hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye ukingo wa lile tundu, akakizungusha. Kisha akafungua kisanduku, akatoa kadi ya manjano, akaisoma. Akamgeukia Salongo.

"Wewe ulisikiliza hili?"

Salongo akaichukua kadi. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma neno moja. Kisha akainua macho, akanitazama mimi.

Hakunitazama kwa hasira. Nilitamani ingekuwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akifanya ndani ya gari kabla hatujaanza, akinisubiri niwashe.

"Salongo," Bu Hamad akasema tena. "Ni wewe?"

"Jina langu ndilo hilo hapo, Bu Hamad," akajibu.

Hakusema uongo, mnaona. Wala hakusema kwamba siku ile alikuwa Industrial Area, na risiti ya gasketi ilikuwa kwenye faili hatua nne kutoka pale. Aliniachia mimi sehemu iliyobaki.

Nilikuwa na kitambaa cha mafuta mkononi. Nikaendelea kufuta spana ambayo ilikuwa safi.

"Khalas, basi," Bu Hamad akasema, akatoka.

Kibali cha Salongo kilifutwa, akakatiwa tiketi. Utaratibu ulichukua siku tisa.

Siku hizo tisa tulilala chumba kimoja. Kila asubuhi alinisalimia. Alipika zamu yake. Hakunitukana, hakunipa mgongo. Alipunguza maneno tu, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza hata akipiga mswaki. Na mimi kila asubuhi nilijiambia leo nitakwenda kwa Bu Hamad. Nikifika bandani naona lile tundu, nasema kesho.

Alasiri ya mwisho alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu. Akakunja shati, akalilaza, akalinyoosha kwa kiganja.

"Mzee wangu, huna neno lolote la kuniambia?"

"Pole sana, Salongo."

"Pole tu?"

"Pole."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyesikia alichokuwa anakisikiliza. Akachukua ndoo akaenda kutawadha. Uwanja wa ndege sikumsindikiza. Nilisema nina kazi.

Samahani wakuu, hapa niliacha kuandika jana. Leo namalizia.

Miezi saba nilikaa hivyo. Kazi ikawa ya kujificha. Kila gari nililiseti kwa springi ngumu, taimingi ndogo, ili kusiwe na cha kusikiliza. Magari yakawa mazito kama matrekta. Bu Hamad akaacha kuyaendesha.

Nilimpigia Salongo mara nyingi. Simu iliita tu. Nilituma ujumbe wa kumjulia hali, wa Idi, wa mapacha wake. Wote ulionekana umesomwa.

Siku moja nikamwambia mke wangu kwa simu, yuko nyumbani Nyahururu. Nilimweleza yote. Nilidhani atanituliza. Akaniuliza, "Baba Nyambura, sasa unaniambia mimi nifanye nini? Mwenye injini yuko hapo hapo ulipo."

Kesho yake nilikwenda majlis, pale anapopokea wageni. Nilivua viatu, nikakataa kahawa, nikasema kabla sijapoteza nguvu. Nilimwambia masikio yangu. Nilimwambia kwamba jina lile niliandika mimi. Nilimpa na ile risiti ya gasketi, yenye tarehe na saa.

Aliisoma pande zote mbili.

"Kwa nini yeye hakusema?"

"Alikuwa ananingoja mimi."

Bu Hamad akaikunja risiti. Alisema baba yake angesamehe injini. Hakusema kama yeye anaisamehe. Kisha akatoa simu yake. "Nipe namba. Nitampigia mimi, wewe kaa hapo."

Namba ile ngeni Salongo aliipokea mara moja. Sauti ikawekwa nje. Bu Hamad alizungumza kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiingereza na Kiarabu. Alimwomba radhi. Mqatari, mwenye umri wake, alimwomba fundi radhi, nikiwa nimekaa hapo nasikia. Akamwambia kibali kipo, tiketi ipo, kazi yake ipo.

Salongo alishukuru kwa adabu. Halafu akauliza, "Karanja bado yupo?"

"Yupo. Amekaa hapa."

Nyuma yake nilisikia jenereta ikinguruma, nadhani ndizo anazotengeneza siku hizi.

Nikajitia nguvu, nikasema kwa Kiswahili, "Salongo, mimi nitaondoka. Wewe rudi. Nimeshaamua, mwezi huu nakwenda nyumbani."

"Usiondoke kwa sababu yangu," akasema. "Hata ukiondoka sitakuja."

"Nilikosea, ndugu yangu."

"Najua ulikosea. Nilijua siku ile ile, na ningekufunikia hata hilo. Injini zinakufa, sisi mafundi tunaua injini. Lakini siku tisa, Bwana Karanja. Kila nikikusalimia asubuhi nilikuwa nakuuliza. Nikirudi hapo, kila nikifungua boneti nitakukumbuka umekaa kwenye kile kitanda."

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuniita Bwana Karanja. Bwana ni mtu wa benki.

"Basi nisaidie niweze kulirekebisha," nikasema.

"Umesharekebisha. Jina langu limesafishwa, watoto wangu wakiuliza kwa nini nilirudi nina jibu. Nakushukuru kwa hilo. Sasa niache."

Akamuaga Bu Hamad kwa heshima zote, akakata.

Bu Hamad hakunifukuza. Pengine ingekuwa rahisi zaidi. Aliniambia nikae hadi kibali kiishe, niyatunze magari, nisiguse distributa. Muuguzi mmoja Mkenya tunayesali naye Abu Hamour alinipeleka kupimwa masikio. Wakanivalisha vifaa vidogo. Siku ya kwanza nilitoka nje pale shambani nikawasikia wale ndege. Nilirudi ndani.

Ningeweza kuvaa vifaa hivyo tangu miaka mitatu kabla. Ningesema tu.

Wakuu, nilichojifunza nitakisema kwa lugha ya gereji. Kama kuna kiungo chako kimeanza kuchoka, mwambie mtu unayefanya naye kazi kabla hakijakuaibisha, kwa sababu huenda anajua tayari na anakusubiri. Jina la mwenzako usiliandike mahali ambapo hakusimama. Na ukikosea, sema palepale, bandani, mikono ikiwa bado na mafuta. Ukweli wangu ulikuwa ule ule siku ya kwanza na miezi saba baadaye, lakini ule wa baadaye haukumfaa yeye kitu zaidi ya kumsafishia jina kwenye karatasi.

Waliowahi kumwachia mwenzao lawama yao, au walioachiwa, karibuni mseme. Hata mkinisema vibaya nitasoma. Maswali ya springi na digrii nitajibu pia, hayo bado nayajua.

Ila msiniulize kama tutapatana. Kwa kusema naweza nilipokuwa siwezi, niliua injini ya marehemu, nikamrudisha kwao mtu asiye na kosa, na nimempoteza Salongo. Yuko hai, yuko Masaka, na hataki kuniona tena.